Nilimkemea Nikimpenda

Ninyi wajukuu zangu, na vijana wengine mtakaosoma haya, msinionee huruma. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Kila siku mnauliza mama yenu aliko. Nitawaambia kwa nini hayupo.

Mwaka wa nne sasa namtunza bibi mmoja Myahudi, mjane, huko South Beach, ufukweni mwa jiji hili la ugenini tulilokimbilia, ghorofa ya tisa. Jumamosi ni Sabato yake. Hawashi taa, hapandi gari, habonyezi hata kitufe cha lifti. Chakula hupikwa Ijumaa na kuachwa juu ya jiko la umeme linalowaka mpaka kesho yake. Mara ya kwanza nililizima, nikidhani amesahau. Tukala chakula baridi, naye hakunigombeza. "Wewe hukupewa sheria hii," alisema. "Nilipewa mimi."

Binti yake, mfanyakazi wa ofisi ya kiwanda kule Mobeni, alikuwa na nafasi Jumamosi tu. Jumamosi moja alipoketi mezani, mimi nikigawa supu, mama yake akaanza.

"Umekuja na gari."

"Ma, nikitembea kutoka kwangu nitafika kesho."

"Basi fika kesho."

"Kesho niko kazini. Unataka kuniona au hutaki?"

"Nataka uwe na kitu cha kuwaachia watoto wako. Mama yangu aliishika siku hii akiwa na njaa, tena anawindwa. Wewe inakushinda ukiwa umeshiba?"

Binti akaweka kijiko chini, akaondoka. Hajarudi.

Nilimuuliza bibi kama anajuta. Alikuwa analia, lakini akasema sheria yao inamtaka mtu amkemee mwenzake. Ukiona kosa ukanyamaza, umeficha chuki moyoni. Aliogopa mwanawe asipotee. Nilimwamini, na hata leo najua hakuwa na nia mbaya. Nilirudi nyumbani nikiwaka moto wa kumkemea binti yangu.

Maana mama yenu alikuwa ameacha kanisa. Jumapili iko wateja wengi saluni, pale Albert Park, basi anasuka kutwa. Jumapili iliyofuata nilitoka ibadani, Biblia mkononi, nikamfuata hukohuko.

"Mungu ametuvusha vita na mipaka yote ile, na wewe unamlipa kwa rasta?"

Mteja wake, mwenyeji wa huku ambako bibi huitwa gogo, akageuka. "Eish, Gogo, mwache amalize kwanza! Nusu ya kichwa changu iko wazi!"

Saluni nzima ikacheka. Kicheko kile kikanipandisha. Nikataja yote: mimba ya kabla ya ndoa, baba yenu aliyemkimbia, machozi yake ya chumbani. Mbele ya wateja.

Mama yenu hakuinua uso. "Umemaliza, Mama?" Kisha akamaliza kile kichwa, mstari kwa mstari. Jioni alifunga begi, akawabusu, akasema atawachukua akipata pa kuwalaza. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Nilimweleza bibi. Akashtuka. "Mbele ya watu? Sheria hiyohiyo inakataza kumwaibisha mtu mbele ya watu!"

"Hukuniambia hilo. Na wewe je? Mimi si nilikuwa nimesimama pale na supu?"

"Sikukuhesabu," akasema.

Mimi nilimhesabu nani, pale saluni? Sasa Jumamosi tunakula wawili, na sahani ya binti yake iko pale, safi. Naomba kila asubuhi, lakini sitawadanganya: kutumaini kumeniisha. Kinachonitisha zaidi ni kwamba najijua. Mama yenu akiingia leo, nitaanza tena kumkemea, kwa sababu bado nampenda vilevile.

Ndiyo maana niliwaita sebuleni nikawaamuru: mama yenu akibisha hodi, fungueni, mpeni chakula, mtu asimuulize alikuwa wapi. Mimi mnifungie chumbani kwa ufunguo mpaka amalize kula.