Ligi ya Marehemu

Jina hilo alilitoa mdogo wangu wa kike. Kila niliporudi nyumbani Lemara jioni, kabla sijavua hata viatu, aliuliza, "Dada, marehemu wako wameshinda leo?" Na wale wadogo wawili wa kiume wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha intaneti nyuma ya soko, miaka ile ambayo kila duka mjini Arusha lilikuwa linageuka kuwa kitu kingine. Palipokuwa na duka la ushirika pakawa na mitumba, na palipokuwa na mitumba pakaja simu za mkononi. Bosi wangu, mama wa Kichaga aliyeanza na vitenge, alinunua kompyuta chache zilizotumika, akaniambia, "Wewe huna mambo mengi. Fungua, funga, usilale." Mambo mengi sikuwa nayo kweli, ukiacha wadogo watatu. Shule niliiacha kidato cha pili wazazi walipofariki. Kiingereza nilikuwa nakisoma vizuri kuliko nilivyokisema.

Siku za soko la Tengeru alikuwa anapita mzee mmoja Mmarekani, fundi wa visima na pampu, aliyeishi Nduruma muda mrefu kiasi kwamba Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kimeru.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mtandao upo?"

"Upo, ila unachechemea."

"Kama mimi. Tutaelewana."

Wateja wengine walifungua barua pepe au picha za magari. Yeye alifungua ukurasa usio na picha hata moja, safu kwa safu za majina na namba, akawa anausoma taratibu huku kidole chenye grisi kikitembea juu ya kioo. Nilidhani ni hesabu za pampu. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, hii ni nini?"

"Timu yangu."

"Inacheza wapi?"

"Haichezi popote. Wengi wao wameshakufa."

Akanieleza. Ni besiboli, mchezo wa kwao. Watu kumi na wawili, waliotapakaa Marekani isipokuwa yeye, wana ligi yao ndani ya kompyuta. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli wa zamani, kila mchezaji kwa mwaka mmoja wa maisha yake. Kompyuta inachukua yale aliyoyafanya mwaka ule, inawapambanisha, na asubuhi unakuta matokeo. Kwa hiyo mtu wa enzi za babu yake mzee anaweza kumrushia mpira kijana aliyestaafu juzi. Msimu ukiisha timu zote zinavunjwa, na wenye timu wanaanza kuchagua upya kwa zamu. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wamemkosa.

Mchezo wenyewe sikuwahi kuuona. Nilijaribu kuuelewa kwa kutumia rede, mchezo wetu wa wasichana, na ulinisaidia nusu ya njia. Kuna mrushaji, kuna mpigaji, kuna mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpigaji akifanikiwa anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi alipoanzia, na hapo ndipo wanapaita nyumbani. Hilo nililipenda mara moja. Pointi ni kufika nyumbani.

Mdogo wangu aliazima kamusi shuleni kwake tukatafsiri vichwa vya zile safu mezani. Kuna safu ilihesabu vituo ambavyo mtu ameviiba. Jumatano iliyofuata nilimwambia mzee timu yake ina wezi wawili na awaondoe. Safu nyingine tukaitafsiri kuwa matembezi, nikamwambia huyu naye mvivu, wenzake wanakimbia yeye anatembea. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kuiba kituo, alisema, ni kukimbia wakati mrushaji hajajiandaa, na ni halali kabisa. Na anayetembea ni yule aliyekataa kupiga mipira mibaya mpaka mrushaji akachoka, akapewa kituo cha kwanza bure.

"Kwa hiyo anasifiwa kwa kutofanya kitu?"

"Hasifiwi. Ndiyo maana unampata mwishoni, watu wakishamaliza kugombania wenye nguvu."

Kuanzia siku ile nikashikwa. Kukiwa hakuna mteja nilikuwa nasoma safu. Nilimgundua mpigaji mmoja mwenye namba za ajabu, nikajiona nimeokota dhahabu. Mzee aliniuliza swali moja tu: "Mwaka ule alicheza mara ngapi?" Nikaangalia. Mara chache, kama kibarua wa msimu wa kahawa. Kompyuta inajua hilo. Ukimpanga kila siku anachoka, anaanza kupiga kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikajifunza kwamba kabla ya kuuliza nani hodari, uliza kazi yote ni kiasi gani na nani ataibeba. Warushaji wa zamani sana walikuwa wanarusha leo, kesho na keshokutwa bila kulalamika, na wawili wa namna hiyo walitosha kazi ya watu watano.

Lakini na hao nao kuna mtego. Zamani wapigaji wote walikuwa wanahangaika, kwa hiyo kila mrushaji alionekana simba. "Usimpime mtu kwa namba yake," mzee alikuwa anasema, "mpime kwa wenzake wa mwaka ule." Vivyo hivyo kwa makosa. Niliona mdakaji wa kale mwenye makosa mengi nikamdharau, kumbe enzi zile glavu zao zilikuwa kama soksi, na wenzake walikosea zaidi. Nilifikiria sana jambo hilo nikitembea kurudi Lemara. Sijui kwa nini lilinifurahisha vile.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Mzee aliyejua yote haya, kila msimu akipata nafasi, chaguo lake la kwanza lilikuwa mchezaji wa kituo cha pili ambaye hakuwa na maana yoyote. Alicheza ligi kubwa mwaka mmoja, akapiga vibaya, akarudi kwao. Ni sawa na mtu afike mnadani ng'ombe wote wapo, akimbilie kuku kilema kwa sababu anamfahamu.

"Si usubiri mwishoni, mzee? Nani atamtaka?"

"Mdogo wangu."

Ndipo nikajua kwamba mmoja wa wale kumi na wawili ni mdogo wake wa damu. Mchezaji yule alitoka mji wao, na ndiye aliyewafundisha kudaka mpira, wakiwa watoto, nyuma ya ghala la baba yao. Kwa hiyo kila msimu mwenye zamu ya mapema kati yao anamnyakua, na mwenzake anakosa. Nje ya hapo hawakuwa wanasemezana, tangu baba yao alipofariki.

"Mligombania shamba?"

"Shamba tuligawana vizuri. Trekta ndiyo haikugawanyika."

Sikucheka. Mimi nilikuwa na wadogo watatu kwenye vyumba viwili, wakigombania blanketi kila siku, na hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba siku moja watatawanyika waache kuulizana habari.

Msimu ule ulipoisha, bomba la kisima lilimwangukia mzee mguuni huko Nduruma. Alinitumia mtu. Nilimkuta hospitalini mjini, mguu umefungwa, homa inampanda.

"Binti, uchaguzi unaanza keshokutwa. Nisipochagua, kiti changu anapewa mwingine. Kuna watu wanakisubiri."

Nilielewa uzito wake. Kiti kikienda, kile kikamba kimoja kilichobaki kati yake na mdogo wake kimekatika.

"Nitachagua mimi. Na mdogo wako nimwambieje?"

"Usimwambie naumwa. Ataona huruma. Sitaki huruma yake."

"Nichague nani kwanza?"

"Unajua kuchagua. Chagua vizuri." Akafumba macho.

Basi nikachagua vizuri. Tulikuwa na zamu ya tatu, mdogo wake ya tano. Nilichukua mrushaji wa zamani mwenye mgongo wa punda. Nikakaa nikisubiri mdogo mtu amnyakue yule wa kituo cha pili. Hakumnyakua. Alichukua mpigaji wa kawaida. Raundi ya pili nikachukua mdakaji, maana wadakaji wazuri ni wachache na wanaisha haraka. Yule wa kituo cha pili bado yupo. Nikaanza kuhisi kuna kitu sikielewi. Raundi ya tatu, kabla zamu yetu haijafika, ukaja ujumbe kwa timu yetu, Kiingereza rahisi hata kwangu:

"Wewe ni nani? Kaka yangu hawezi kumwacha yule mtu. Yuko hai?"

Nilitoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imenichoma. Kuchagua kwangu vizuri ndiko kulikonifichua. Nilikuwa nimeahidi kutosema anaumwa, na ahadi huwa naishika. Lakini swali lile la mwisho niliwahi kuliuliza mwenyewe juu ya wazazi wangu, mlangoni mwa wodi, nikaambiwa subiri. Nikaandika: "Yuko hai. Mengine atakuambia mwenyewe." Nikamwomba bosi anishikie chumba, nikaenda hospitalini kwa miguu, karibu nakimbia.

Homa ilikuwa imeshuka. Alikuwa anakula ndizi za kuchemsha.

"Umemchukua nani wa kwanza?"

Nikamtajia mrushaji.

"Vizuri. Wa pili?"

"Mdakaji."

"Vizuri sana!" Akamung'unya. "Na wa kituo cha pili? Kamchukua yeye, siyo?"

"Hajamchukua, mzee."

Kijiko kikasimama. "Hajamchukua? Na zamu alikuwa nayo?"

"Mara mbili."

Alijaribu kuketi, maumivu yakamrudisha kwenye mto. "Ana nini? Anaumwa? Binti, kuna kitu kimempata, yule hawezi kumwacha!"

Hapo nilishindwa kujizuia, nikacheka, wodi nzima ikanigeukia. "Mzee, naye ameuliza hivyo hivyo. Neno kwa neno. Anataka kujua kama uko hai."

Alitazama dirishani, kule Meru ilikuwa imefunikwa na mawingu hadi kiunoni. Halafu akaniuliza kama bosi wangu bado ana ile simu yake ya mkononi.

Bosi alikuja nayo mwenyewe, maana hakuwa tayari kumkabidhi mtu. "Pole sana, mzee. Mpigie mara moja ukate, halafu apige yeye. Na usilie, machozi yanaharibu simu." Namba mzee aliijua kwa kichwa, ilikuwa ya nyumba ya baba yao. Simu ikaita haraka kuliko tulivyotegemea. Waliongea Kiingereza cha harakaharaka, nikaambulia vipande. Mguu. Bomba. Halafu sauti zikapanda, nikadhani wamefika kwenye trekta. Kumbe hapana. "Mchukue wewe," mzee alikuwa anafoka. "Hapana, wewe! Wewe ndiye uliyemwacha ili nimpate!"

"Wanagombana?" bosi akaninong'oneza.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona anacheka?"

Niliwaacha hapo, kwa sababu zamu yetu ilikuwa inakaribia kupita. Nilirudi kwenye kompyuta. Kulikuwa na mlinzi mzuri sana wa katikati bado hajachukuliwa, mtu aliyekuwa anaziba nusu ya uwanja peke yake, na timu yetu ilimhitaji. Nilimtazama kidogo. Kisha nikaandika jina la yule wa kituo cha pili.

Mdogo wangu alikasirika jioni ile kuliko mtu yeyote. "Dada! Raundi ya tatu? Huyu hajui hata kutembea!"

Tulimaliza msimu tukiwa wa saba. Yule mtu alipiga vibaya kama kawaida yake, na kila alipoharibu, simu ya bosi iliita kutoka Marekani, ikabidi imsubiri mzee aje na magongo yake. Siku moja bosi alinisogezea ile simu, amechoka kabisa.

"Ndugu yake tena. Huyu mchezaji wenu si afe tupumzike?"

"Mama," nikamwambia, "alishakufa."