Mpasua Mawe wa Barabara ya Sake

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kwa sababu nikianza sitaki mtu anikatize. Haya sikuhadithiwa. Niliyaona mwenyewe, mchana, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa uji. Wala mimi si mtu wa kuona mizimu kila kichakani. Jirani yangu akisikia paka analia juu ya bati anamwita mchungaji aje kuombea nyumba. Mimi namfukuza paka, narudi kulala. Kwa hiyo niamini.

Kazi yangu ni kupasua mawe. Ukitoka Goma kuelekea Sake, ukifika Mugunga utatuona, wanawake tumekaa chini kando ya barabara, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake. Volkano ilitumwagia mawe bure, na sisi tunayageuza kokoto za kujengea nyumba za watu wengine. Viganja vyangu vimekuwa vigumu hadi mtoto wangu mdogo anakataa nimwoshe uso. Tulikimbilia hapa kutoka Masisi, tukapata kibanda cha turubai, na ndani ya kibanda hicho nilikaa na Nyogokuru, mama mzaa baba yangu, mzee ambaye macho yalikuwa yamekufa lakini masikio yanasikia hata ulichokusudia kusema kesho.

Sasa sikiliza. Mara ya kwanza Nyogokuru hakuletwa Mugunga na vita. Alifika hapa akiwa msichana mdogo, wakati wa Wabelgiji. Familia yao ilitolewa Rwanda pamoja na nyingine nyingi ili wakaanzishe makazi kwenye milima ya Masisi. Waliahidiwa shamba na mbegu. Lakini barabara ya kupanda huko ilikuwa haijaisha, basi wakashushwa hapa kando ya njia, ndani ya vibanda vya majani, wakaambiwa wangoje. Alihamia hapa mtoto, akakimbilia hapa mzee. Alikuwa akisema kwamba tofauti ni turubai tu.

Walioichonga barabara walikuwa wafungwa. Wawili wawili, mnyororo shingoni, tangu asubuhi nyundo zinalia. Wengine waliiba kweli, Nyogokuru hakuwatetea, lakini wengi kosa lao lilikuwa kukataa kulima pareto iliyotakiwa na serikali, au kutupa mzigo wa mzungu njiani na kukimbia. Mama yake alikuwa akichemsha viazi vitamu na kumtuma yeye awapelekee, kwa kuwa askari hawakumfukuza mtoto. Nilikua nikiisikia hadithi hiyo, na kila mara iliishia kwenye viazi. Nilidhani ndipo mwisho wake.

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa mvua, alasiri. Wenzangu walikuwa wamekimbilia bombani, maana maji yalikuwa yamefunguliwa na ukichelewa unarudi na ndoo tupu. Mimi nilibaki kulinda nyundo zao. Ukungu ukashuka mpaka barabara ikapotea, pikipiki unazisikia tu. Hapo ndipo niliposikia mtu anapasua mawe nyuma ya rundo langu.

Usifikiri nyundo zote zinalia namna moja. Nyundo za wenzangu nazijua kila moja, ninaweza kukutajia mwenyewe bila kugeuka. Ile sikuijua. Ilipiga polepole bila kusita, haikukoma hata kwa kufuta jasho.

Nikazunguka rundo. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati la mistari lisilo na mikono, kaptula, miguu mitupu juu ya mawe yale yanayokata hata soli za viatu. Shingoni alikuwa na alama ya kuzunguka, nyeusi, laini, mfano wa ile anayopata mbuzi aliyefungwa kamba muda mrefu. Nikajisemea, huyu ni mkimbizi mpya, amepitia mabaya, usimchokonoe. Kila mtu hapa Mugunga ana alama yake, ila nyingi zimefunikwa na nguo.

"Mama," akaniuliza, "kengele ilishalia?"

Nilidhani anauliza kengele ya kanisa.

"Bado, papa. Italia saa ya misa."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye nyundo. Nikamuuliza ametoka wapi, akasema Lubero, kisha akataka kujua kama njia ya huko imefunguka. Sasa niambie, nani hapa Goma asiyeuliza kama njia imefunguka? Hata hilo halikunishtua. Nikamjibu kwamba nasikia kuna askari njiani. Akasema askari wapo siku zote. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

"Bibi yangu iko na mimba. Nilimuacha karibu ya kuzala. Wakituachilia leo, nitatembea usiku yote."

Nikamuuliza ni nani wa kumwachilia. Alitazama juu, kwenye ukingo wa mawe, kana kwamba kuna mtu amesimama pale anatusikiliza. Nami nikatazama. Kulikuwa na ukungu tu.

Nilimwonea huruma. Nilikuwa na kiazi kitamu kimoja nilichokibakiza cha chakula changu, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, akasema aksanti. Hakukila. Alikikata katikati, nusu moja akaiweka upande, juu ya jiwe.

"Hii ya mwenzangu," akasema.

Mwenzake yupi? Tulikuwa wawili tu. Nilitaka kuuliza lakini mvua ikaanza, mvua ya hapa unaijua, haikupi nafasi ya kumaliza sentensi. Nikazikusanya nyundo kwenye gunia. Na kwetu huwezi kumpita mtu aliye kazini ukanyamaza, ni dharau. Lazima umwachie neno. Nikamwachia lile la kutia moyo tunalowaachia watu wote, tangu fundi wa ukuta mpaka anayesukuma makaa kwenye chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili.

"Kuraje, papa. Endelea na kazi."

Ungeuona uso wake. Ulinywea kama uso wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa mlangoni pa hospitali, akainuka kwa furaha, akaambiwa si yeye.

"Ndiyo, mama," akasema. Akainamia nyundo.

Sikufika mbali. Nilishtushwa na ukimya, maana nyundo ilikuwa imenyamaza ghafla. Nikageuka, hakuna mtu. Nikarudi mbio nikidhani ameanguka. Vipande viwili vya kiazi vilikuwa juu ya jiwe, vinanyeshewa. Na mawe yale niliyomwona akiyapiga kwa macho yangu haya, yote yalikuwa mazima. Hakuna hata moja lililokuwa na mwanzo wa ufa. Kazi yote ile, mikono yote ile, na hakukuwa na kokoto moja. Hapo miguu yangu haikungoja ruhusa yangu.

Nilifika kibandani nimelowa. Nyogokuru alikuwa amekaa kitandani na rozari yake. Nikamweleza yote, shati la mistari, alama ya shingoni, Lubero, mke mwenye mimba, nusu ya kiazi. Hakushangaa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulimuambia nini wakati wa kumuacha?"

Nikamwambia nilimtakia kazi njema, nikasema endelea na kazi.

Nyogokuru akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata siku tulipoacha ng'ombe na nyumba ikiwaka nyuma yetu. Alilia kwa sauti ndogo, ya mtoto.

"Yule anangojea basi," akasema.

Usicheke. Si basi la kupanda. Ni basi, hili neno letu la kila siku. Ndipo aliponimalizia hadithi aliyokuwa akiikatia kwenye viazi. Wafungwa wale walikuwa na msimamizi, aliyeitwa kapita. Jioni kapita aligonga kipande cha chuma kilichoning'inia, ndiyo ikawa kengele yao, halafu akasema: basi. Neno hilo moja. Asipolisema, hakuna anayeweka nyundo chini, hata kukiwa kiza, na aliyeiweka alilazwa kifudifudi akachapwa mbele ya wenzake. Jioni moja mvua kubwa ilinyesha. Askari wakawaswaga wafungwa waliokuwa karibu nao, kapita akakimbilia kibanda cha mzungu. Wawili walikuwa wamebaki mbali, chini ya ukingo, na mnyororo wao. Nyogokuru alikuwa amewapelekea viazi. Aliona mawe madogo yanaanza kuporomoka juu yao. Nao waliyaona. Lakini hakuna aliyekuwa amesema basi, kwa hiyo waliendelea kupiga, mmoja akimwuliza yeye, mtoto, kama kengele imelia.

Akawajibu kweli. Akasema bado.

Ukingo wote ukashuka. Asubuhi barabara ilisogezwa kidogo upande wa ziwa, kazi ikaendelea, hakuna aliyechimbua. Baadaye familia ya Nyogokuru na zile nyingine za vibandani zikapandishwa Masisi, wakapewa mashamba, wakalima, wakazaa. Kila gari lililopita kwenye barabara ile, Nyogokuru alisema, alisikia linapita juu ya neno ambalo halikusemwa.

Mvua ilipopungua akataka apelekwe. Kijana wa jirani akampakia kwenye chukudu, nami nikamshika mgongo. Tukamkalisha penye mawe, turubai juu ya kichwa. Akaita: "Basi, baba. Basi. Muende nyumbani." Aliita mpaka sauti ikakauka. Mimi nilitega masikio, sikusikia kitu, si nyundo, si mtu.

"Amesikia?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mama, amesikia, amekwenda. Ningemwambia nini kingine? Akashika mkono wangu, na usiku ule alilala usingizi mzito. Alifariki kabla mvua za msimu ule hazijaisha, na tulimzika mbali na kwao.

Siku chache baada ya mazishi ukungu ukashuka tena, alasiri. Nyundo ikalia nyuma ya rundo langu, polepole, bila kusita.

Mpaka leo inalia. Nikizunguka simkuti. Kila jioni ninasimama na kusema basi kwa sauti, kuelekea kwenye ukingo, na wenzangu wameshanibatiza Mama Basi, wanacheka, lakini nimeona kwamba siku hizi hakuna anayefunga gunia lake kabla sijasema. Yeye tu ndiye hanisikii. Labda kwake neno langu ni lile la kwanza, endelea, na mfungwa hufuata amri aliyopewa. Nalia juu ya jambo hilo kuliko juu ya vitu vyote tulivyopoteza.

Kwa hiyo wewe unayepita barabara ile, ukimkuta mtu anapasua mawe peke yake kwenye ukungu, usipite na kumtakia kazi njema. Usimwambie aendelee. Akikuuliza kama kengele imelia, mwambie imelia, hata kama hujasikia kitu. Mwambie basi, papa, mkeo anakungoja. Ni neno jepesi. Nilisema basi mara nyingi siku ile, kwa watoto, kwa wauza mboga, kwa paka wa jirani, na yeye peke yake ndiye sikumwambia.