Salamu kwa Mfumo

Mama anauza samaki Kunduchi. Wateja hupata namba yake kwenye tovuti ya kikundi cha wauza samaki, na alipobadilisha laini hawakumpata tena. Braza mmoja, ndiye aliyetengeneza tovuti hiyo, akaweka mfumo: muuzaji anatuma namba mpya kwa meseji, namba kwenye akaunti yake ya tovuti inabadilika yenyewe.

Mama akaandika, "Hamjambo huko? Mie mzima. Namba yangu hii hapa." Mfumo ukaikataa meseji.

"Mama, tuma namba tupu," braza akasema akicheka.

"Niombe kitu bila salamu? Sikulelewa hivyo."

Huwa naona aibu kuongea, ila nikajikaza. "Braza, mfumo hauwezi kuruka salamu ukachukua namba tu?"

Akarekebisha. Mama akatuma tena, na salamu zake zote. Namba kwenye akaunti ikabadilika.

Mchana simu ikaita.

"Haloo! Nyumbani hawajambo?" mama akamuuliza mteja, ndipo wakaongea samaki.