Kofia ya Sufu Lodwar

Harufu ya gunia lililoloweshwa maji hunirudisha Lodwar, popote nilipo. Kila mwaka kabla joto kali halijaanza, Mama alitundika magunia hayo madirishani, akajaza mitungi, akaziba matundu ya kibanda cha makuti ya mkoma uani. Majirani wakamwita daktari wa joto. Lakini ngoja niwaambie alivyofuzu, maana hakuzaliwa anajua.

Tulitoka “Kenya”, kama watu wa Lodwar wanavyoziita sehemu nyingine za nchi. Baba alikuwa karani wa serikali, akahamishwa kutoka Nyahururu kwenye baridi. Kwetu mtoto mchanga hufunikwa mpaka puani. Basi Mama, masikini, akamvisha mdogo wangu Wambui kofia ya sufu na shali mbili, ndani ya nyumba ya mabati, saa saba mchana! Jirani yetu Mama Akiru, Mturkana, alimsihi mara mbili amvue. Mama aliitikia kwa heshima tu, na moyoni akasema huyu anataka mtoto ashikwe na nimonia.

Siku ya tatu tangu tufike Wambui aliacha kulia, kisha akakataa ziwa. Ngozi yake ilikuwa kavu na inachoma. Mama akapiga nduru. Mama Akiru alikuja mbio bila hata kusema ejok, salamu ya kwao, akamvua kila kitu, akampeleka kibandani kwake, akawa anampangusa kwa kitambaa cha maji huku mimi nikimpepea kwa kipande cha katoni. Niliogopa, jamani. Kisha wakamkimbiza zahanati, na jioni akanyonya.

Mwaka uliofuata, joto likikaribia, Mama alisimama kanisani mbele ya walimu, makarani na wafanyabiashara, wageni kama sisi. Akaeleza yote.

“Nilikaribia kumuua mwanangu kwa kumpenda vibaya,” alisema. “Mama Akiru aliniambia, sikusikia. Nyinyi msikie.”

Nilitamani ardhi inimeze. Njia nzima nilinung'unika kwamba ametuaibisha, shuleni nitachekwa.

“Aibu haijaua mtoto,” akanijibu. “Joto linaua.”

Kesho yake wake watatu wa walimu walikuwa uani kwa Mama Akiru, watoto mgongoni, wakimuuliza hili na lile. Mimi nilikuwa bado nimenuna.

Sasa mimi mwenyewe ni mama, na najua ugumu wa kutamka “nilikosea” hata mbele ya mtu mmoja. Mama yangu alilitamka mbele ya kanisa zima. Alikubali kuchekwa yeye, ili mwenzake asije akazika mwanawe.