Yasmina Hataki Kiti, Anataka Kabera Asimame

Kwenye chumba cha gemu cha Kabera, pale Kagarama, sheria ni moja: ukifungwa, unasimama, mwingine anakaa. Kabera mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona amesimama.

Yasmina, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliingia siku moja kuomba zamu ya gemu ya mpira. Kabera hakumpa hata pedi ya kuchezea aishike.

"Mama Sindano, viti hivi ni vya wachezaji. Nenda ukapachike vifungo!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yasmina akatoka. Huyu nitamsimamisha, aliapa, na macho haya haya yataona.

Mdogo wake, Aidah, alikuwa na kompyuta iliyochoka. Wakaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kisha emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya gemu. Amri aliziandika Yasmina mwenyewe. Ilipoomba nenosiri, akabonyeza weee, kwenye kioo hakuna hata nukta.

"Aidah, kibodi imekufa!"

"Haijafa, dada. Linux inaficha nenosiri. Andika tu, inapokea."

Yasmina akatabasamu. "Safi. Na Kabera hivyo hivyo, hataona kitu mpaka mlango ufunguke."

Wakanakili humo diski yao ya gemu ya mpira, gemu ile ile anayochezesha Kabera, iliyobaki tangu mashine yao ya gemu ilipoungua. Gauni likiisha, mechi. Suruali ikiisha, mechi. Alipoanza kushinda kila siku, akaenda kwa Kabera.

"Karibu, nikufundishe," Kabera akamwambia, akimrushia pedi.

Lo! Wachezaji walikimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Kabla Yasmina hajageuka, mpira uko wavuni. Tano bila.

"Vifungo, mama! Vifungo!" Kabera akamzomea.

Nyumbani Aidah akatazama namba ndogo ya mwendo kwenye pembe ya kioo, akashika kichwa. "Dada, kompyuta imelemewa. Gemu inakwenda nusu ya mwendo wake! Umejifunza mpira wa konokono."

Mwingine angelia. Yasmina alikumbuka cherehani ya mota: aliyezoea kasi yake hatishwi na ya miguu. Wakapunguza ukubwa wa picha mpaka kompyuta ikapumua, kisha akasema, "Ongeza mwendo. Upite wa Kabera." Wiki za kwanza alifungwa ovyo. Kila bao alilofungwa alilitamkia jina: Kabera. Kabera. Kabera.

Aliporudi, chumba kimejaa. Kwake sasa wachezaji wa Kabera walikuwa wanatembea kwenye uji. Moja. Mbili. La tatu alilichelewesha makusudi, akizunguka na mpira mbele ya goli ili watu wote watazame vizuri.

"Pedi hii mbovu," Kabera akanung'unika.

"Chukua yangu."

Wakabadilishana. La nne, na kipenga cha mwisho.

Kabera akatazama huku na huku, akangoja mtu acheke aseme ni utani. Hakuna aliyecheka.

"Simama, Kabera," Yasmina alisema polepole. "Viti hivi ni vya wachezaji."

Akasimama. Yasmina akaweka pedi chini bila kuomba mechi nyingine, akabaki amekaa, akimtazama tu alivyosimama.