Mbwa Mweupe Asiyegeuka

Tulikuwa wanne siku ile kule Katumba Songwe. Mimi; wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, aliyeolewa Ikombe na anafinyanga vyungu; mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa kwanza; na mkwe, yaani baba wa mke wa mwanangu huyo huyo. Majina yao yote ninayo kichwani, lakini wameniomba nisiyaandike.

Nilikwenda kununua mbwa. Masikio yangu yamepungua, na mara mbili watu wameingia uani mchana kweupe wakaondoka na kakao niliyoanika, mimi niko jikoni nimewapa mgongo. Mwanangu akasema nitafute mbwa wa kulinda, la sivyo nihamie kwake Mbeya. Mbeya ni baridi, na mchele wananunua dukani.

Mkwe anafuga mbwa wakubwa wa mbegu ya kigeni na kuuza watoto wao. Tulisalimiana mugonile kwa heshima zote, wifi akamkabidhi chungu alichomletea, kisha wakaletwa watoto watano wa miezi miwili, na mama yao nyuma, mnene, manyoya yanang'aa. Nikamkagua kila mmoja kama ninavyokagua mtoto wa nguruwe: nikainua mdomo nione fizi, nikatazama macho, nikaminya tumbo, nikainua mkia.

"Mkwe," akaniambia, "unanunua mbwa au unaposa?"

"Naposa. Atakayeishi naye ni mimi."

Mmoja tumbo lilikuwa limevimba, ngozi imekaza.

"Huyo ameshiba," mkwe akasema.

"Ameshiba minyoo," akasema wifi.

Mimi nisingethubutu. Kwetu mkwe humwambii mali yake ina kasoro, ila wifi yeye haoni mpaka. Mkwe akatoa kadi: dawa ya minyoo wamepewa mara moja, ya pili bado, chanjo ya kwanza tayari. Niliisoma kwa kidole, mjukuu akanisomea kwa mdomo.

Mjukuu alikuwa ameshampenda mweupe. Bodaboda ilipita, wenzake wakakimbilia uzio, yeye akabaki anatafuna kanga yangu.

"Bibi, huyu ametulia."

"Ana adabu huyo," mkwe akaongeza.

Macho safi, fizi nyekundu, tumbo laini. Nilikuwa nimeshampakata. Wifi akachukua kile chungu, akazunguka nyuma yetu, akakigonga kwa kifundo cha kidole kama anavyowagongea wateja wasioamini kwamba hakina ufa. Wanne wakageuka, mmoja akabweka. Mweupe hakugeuka. Nami sikugeuka, niliona tu wifi na mjukuu wanacheka.

"Kuna nini?"

"Mmefanana," wifi akanipazia sauti. "Mwizi akija mtamkaribisha nyote wawili, mumpe na kiti."

Mkwe hakucheka. Alimchukua mweupe, akampigia makofi nyuma ya kichwa, mara nyingi, taratibu. Nikamwonea huruma mkwe.

"Mkwe," nikasema, "huyu mzuri mno kwa nyumba yangu. Nipe yule mwenye kelele."

"Ndaga," akanishukuru, na ile sauti yake niliisikia vizuri.

Yule mwenye kelele ni wa kahawia, kifua chembamba, masikio hayalingani. Tulikubaliana akae kwa mama yake mpaka amalize dawa ya pili. Mweupe amebaki kwa mkwe, hauzwi.

Sasa mtu akiingia uani, wangu anabweka, kisha anakuja kunivuta pindo la kanga. Juzi mwanangu alipiga simu kuanza tena habari za Mbeya, akakatisha maneno yake mwenyewe: "Mama, mbwa anabweka. Toka ukaangalie." Nikamwambia nimeshavutwa, niko mlangoni. Mbeya hakuitaja tena.

Jambo moja sina hakika nalo. Mimi nasema mkwe hakujua habari ya yule mweupe mpaka chungu kilipogongwa; wifi anasema alijua. Aliyeuona uso wake vizuri kuliko nilivyouona mimi anisahihishe, ila asipitishie kwa wifi, ataongeza chumvi.