Viungo vya Dada Yangu

Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya sabini, wakati dada yangu aliporudishwa nyumbani kwetu Kyuso na mume wake. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupinda upande, na kila asubuhi mama alimvalisha nguo kama mtoto.

"Hawezi kushika jembe wala mwiko," shemeji alimwambia baba. "Mimi nitafanya nini naye?" Chai alikataa.

Likizo hiyo dada aliona daftari langu la bayolojia, akataka nimweleze mchoro wa goti. Nikamwambia goti na kiwiko hukunjika kama bawaba ya mlango, lakini bega na nyonga huzunguka, kwa sababu kichwa cha mfupa kimekaa ndani ya kikombe. Ncha za mifupa zina gegedu laini, na kati yake kuna ute wa kuzuia isisagane.

"Kwa hiyo wangu umekauka?"

"Sijui, dada. Tulifundishwa viungo vizima tu."

Akacheka kidogo. Mimi niliona aibu.

Baba alimpeleka hospitali Kitui. Daktari alimkunja mikono, akasema, "Mzee, maumivu tunaweza kupunguza. Kiungo kikishaharibika hakirudi." Akampa vidonge, vikamchoma tumbo mpaka akaviacha. Kanisani walimwombea, watu sita wakimshika mabega kwa nguvu. Alilia sana, wakashangilia kwamba ameguswa. Njiani aliniambia walikuwa wanamuumiza.

Kabla ya kuolewa alikuwa hodari wa kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge. Siku moja alianza kiondo tena, akasuka mizunguko mitatu, mkonge ukamtoka vidoleni. Mama alipokichukua aendelee, dada akamwambia, "Mwaitu, usinimalizie. Kiache tu." Kilining'inia ukutani hivyo hivyo, kikaliwa na panya.

Baadaye magoti nayo yalikunjika yakakataa kunyooka, akawa mtu wa kitandani. Kila nilipofunga shule nilimkuta amekuwa mdogo zaidi. Niliacha kubeba daftari lile nyumbani. Hakuliulizia.

Alikufa nikiwa kidato cha nne, msimu ambao mvua ilikosekana kabisa. Fundi alipokuja kupima jeneza, alianza kwa urefu. Baba akamshika mkono.

"Lifanye liwe na kina," akamwambia. "Miguu hainyooki."

Fundi alikunja kamba yake, akapima upya kutoka godoro hadi magotini.